Anza na Shafti: Nasaha kwa Kijana Anayejiundia Gari

Mwanangu, nimeiona kazi uliyoianza. Fremu ya mabomba ya mraba imelala juu ya matofali, krosimemba ya nyuma ya Toyota Mark II GX110 imeegemea ukuta, na chaki yako imeshachora sakafuni mahali kitakapokaa kiti cha dereva. Umeniuliza swali moja tu: difu ikae wapi hasa, na shafti mbili za magurudumu zilale vipi? Umeuliza kabla moto wa kuchomelea haujapita, na jambo hilo limenifurahisha kuliko fremu yenyewe. Wengi huja kuuliza gari likiwa limeshapakwa rangi, wakati jibu lolote la kweli ni la kukata na kuanza upya.

Nitakujibu kwa urefu, na wenzako wanaojiundia magari yao wasome pia. Neno langu kubwa ni hili: sehemu yote ya nyuma ya gari hupangwa na shafti za magurudumu. Chesisi huzifuata. Ukianza na chesisi kwa kuwa umbo lake limekupendeza, halafu ukazilazimisha shafti ziingie palipobaki nafasi, utaliendesha gari hilo kwa miezi michache, kisha litaanza kulia kila unapokanyaga mafuta.

Uingereza, kujiundia gari nyumbani ni desturi ya miaka mingi. Colin Chapman alitoa Lotus Seven mwaka 1957, na wanunuzi wengi waliichukua ikiwa vipande vipande wakaifunga wenyewe. Mwaka 1996 Ron Champion alichapisha kitabu cha kumwelekeza mtu ajiundie gari la umbo hilo kwa pauni 250, kwa fremu ya mabomba ya mraba kama hii yako. Gari la Champion lilitumia ekseli nzima ya Ford Escort. Ekseli ya namna hiyo humtua muundaji mzigo mkubwa, kwa sababu difu na shafti zote mbili zimo ndani ya bomba moja, hupanda na kushuka pamoja, nazo zimenyooka siku zote.

Wewe umetaka kila gurudumu la nyuma lijitegemee. Kwa barabara zetu sikulaumu. Gurudumu la kushoto likiingia shimoni, la kulia halina habari. Lakini uelewe ulichokichukua. Difu yako imefungwa kwenye chesisi, haiendi popote. Gurudumu linapanda na kushuka. Shafti iliyo katikati yao lazima ijikunje pande zote mbili, ibadili urefu wake, na wakati huo huo ipeleke nguvu yote ya injini bila kuyumba. Hapo ndipo kazi yako inapimwa.

Tuanze na jointi zenyewe, maana nimesikia unafikiria kutengeneza shafti fupi za krosi kwa kuwa krosi ni rahisi na zinapatikana kila duka la spea. Usifanye hivyo. Krosi moja ikikunjwa haizungushi kwa mwendo ulio sawa. Upande unaopokea huenda mbio kidogo na kupungua kidogo, mara mbili kila mzunguko. Kwa nyuzi 10 tofauti hiyo ni kama asilimia 1.5 juu na chini. Kwa nyuzi 20 inafika asilimia 6. Dawa yake ni kuweka krosi ya pili yenye pembe ile ile, na uma za ncha mbili za shafti zikae katika bapa moja, ili ya pili ifute kosa la kwanza. Jaguar walifanya hivyo tangu 1961 kwenye E-Type na Mark X: shafti za krosi, tena shafti yenyewe ikawa ndiyo mkono wa juu wa kushikilia gurudumu. Muundo huo ulifanya kazi vizuri, na waundaji wa nyumbani wa Uingereza waliupenda sana. Lakini ulichorwa na wahandisi kama kitu kimoja, kila urefu na kila pembe vimehesabiwa pamoja. Huwezi kuchukua kipande kimoja cha wazo lile ukakitia kwenye amu za Toyota.

Jointi za CV zilizokuja na krosimemba yako hazina ugonjwa huo. Ile ya nje ni ya ukoo wa Alfred Rzeppa, mhandisi aliyekuwa Ford huko Marekani katika miaka ya 1920. Ndani yake mna mipira sita ya chuma inayotembea katika mifereji, na kijumba kinachoilazimisha mipira hiyo ikae daima katikati ya pembe, kwa hiyo mwendo unaoingia ndio unaotoka. Ile ya ndani ndiyo inayobadili urefu: inaingia na kutoka ndani ya kikombe chake gurudumu linapopanda na kushuka. Kazi hizo mbili zimegawanywa vizuri. Lakini jointi ya CV kuvumilia pembe hakumaanishi kwamba haiilipii. Kila nyuzi unayoiongeza ni msuguano, msuguano ni joto, na joto huilainisha grisi na kulichosha buti la mpira. Buti likishapasuka kwenye barabara ya vumbi kama hizi zetu, mchanga unachanganyika na grisi, na jointi nzima inakwisha upesi sana. Na ukibahatika kupata shafti ambazo jointi ya ndani ni ile ya rola tatu, jua kwamba ikikunjwa sana chini ya nguvu husukuma na kuvuta shafti mara tatu kila mzunguko. Hapo utasikia nyuma ya gari inatikisika unapoondoka taa zikiwaka kijani, na mtikisiko unatulia mara unapoachia mafuta. Wengi hubadilisha tairi na kubalansi magurudumu kwa ajili ya ugonjwa huo, na hauponi.

Sasa pembe hizi zinatoka wapi? Watu hutazama gari kwa ubavu tu. Wanaona shafti imelala sawa, wanaridhika. Ingia chini, au bora zaidi simama juu ya fremu ukiwa bado hujafunga sakafu, uitazame kutoka juu. Huko ndiko difu inakojificha. Mtu ameisogeza mbele kidogo ili tangi la mafuta lipate nafasi, au ameirudisha nyuma kwa sababu propela aliyoipata ni ndefu. Tuseme kati ya kitovu cha jointi ya ndani na kitovu cha jointi ya nje, kwa upana wa gari, pana milimita 400. Difu ikikaa milimita 50 mbele ya mstari wa magurudumu, shafti imeshajikunja nyuzi 7 gari likiwa limesimama tu kibarazani. Gurudumu likipanda milimita 60, mikunjo miwili inaungana na kuwa nyuzi 11. Kama difu ingekaa kwenye mstari, kupanda kule kule kungekuwa nyuzi 8 na nusu. Pembe ya kupanda na kushuka huja na kuondoka. Ile ya mbele na nyuma haiondoki hata siku moja, inasaga jointi kila kilomita. Nyuzi 2 au 3 hazina ubaya, na wengine tunazipenda kwa kuwa mipira haikai ikigonga sehemu moja tu ya mfereji. Zaidi ya hapo, tafuta mahali pengine pa tangi.

Kwa hiyo chora kwanza mstari wa magurudumu sakafuni. Tumia kamba na timazi, usitumie jicho. Dondosha timazi kutoka katikati ya habu ya kushoto, kisha ya kulia, weka alama, unganisha kwa kamba yenye chaki. Halafu dondosha timazi kutoka katikati ya flanji mbili za difu. Alama nne hizo zinapaswa kukaa juu ya mstari mmoja au karibu nao sana. Ukiona flanji ya kushoto iko mbele na ya kulia iko nyuma, difu yako imekaa upande. Usihangaike na shafti, rekebisha vishikizo vya difu.

Jambo jingine hapo hapo: usiipange difu kwa kuangalia pua yake. Kwenye difu nyingi, pua haiko katikati ya flanji mbili. Imeelekea upande mmoja kwa sababu gia kubwa ndani yake iko upande mmoja. Ukiiweka pua katikati ya gari ili propela inyooke vizuri, shafti moja itabanwa na nyingine itavutwa. Linganisha flanji na habu kwanza. Propela itajirekebisha kwa pembe yake.

Nafika kwenye jambo ambalo naliona ni moyo wa kazi hii, nalo ni uhusiano wa shafti na amu zinazolishika gurudumu. Una amu ya juu na amu ya chini. Kila moja ina mahali inapozungukia kwenye chesisi na mahali inaposhika habu. Simama nyuma ya gari. Kwa macho yako unganisha mhimili wa ndani wa amu ya juu na mhimili wa ndani wa amu ya chini: huo ni mstari wa ndani. Unganisha ncha za nje kwa namna hiyo hiyo: huo ni mstari wa nje. Jointi ya ndani ya shafti ikikaa kwenye mstari wa ndani, au karibu nao, na jointi ya nje ikakaa kwenye mstari wa nje, basi shafti itapanda na kushuka kama mwenzao wa tatu wa zile amu mbili, na urefu wake utabadilika kidogo sana. Ukiipeleka jointi ya ndani mbali na mstari huo, kila shimo la barabarani litakuwa linaivuta shafti itoke na kuisukuma irudi. Wanaozifunga amu kwenye chesisi mpya kwa kubahatisha, eti zimetosha, ndio wanaokuja kulalamika kwamba shafti zinachomoka.

Kwa sababu hiyo nakusihi usiivunje krosimemba yako. Itumie nzima. Toyota wameshakupangia mihimili ya amu, mahali pa difu na urefu wa shafti, vyote kwa pamoja. Jenga fremu yako izunguke krosimemba hiyo, na upana wa nyuma wa gari uwe ule uliotoka nao. Najua unataka gari jembamba. Najua pia kuna mafundi Gerezani na Ilala watakaokukatia shafti, wakachomekea kipande cha bomba na kuichomelea kwa bei nafuu. Chuma cha shafti kimepikwa kwa moto wa makusudi ili ngozi yake iwe ngumu na kiini kivumilie kupindwa. Ukikichomelea unaharibu upishi huo pembeni mwa doa la moto, na hapo ndipo kitakapokatikia, yumkini siku umejaza watu na unapita lori. Shafti iliyokatika kwenye mwendo hupiga kila kilicho karibu nayo, ikiwemo mabomba ya breki. Ukihitaji shafti fupi, tafuta gari ambalo lilizaliwa nazo, au upate ya kukerezwa upya kwa chuma kinachostahili, ikachongwe meno na kupikwa upya na watu wenye vifaa. Kama haiwezekani, acha gari liwe pana.

Kisha kuna uzito, ambao ndio unaowapoteza hata wenye akili. GX110 nzima ina zaidi ya kilo 1,300. Gari lako, kwa fremu hii na viti viwili, halitafika mbali zaidi ya nusu ya hapo. Springi zile zile zilizokuwa zinabonyea vizuri chini ya Mark II zitasimama wima chini ya gari lako. Nyuma itainuka, magurudumu yataning'inia, amu zitaelekea chini, na shafti nazo zitaelekea chini katika pembe ambayo Toyota hawakuikusudia iwe ya kila siku. Dawa ya haraka ya vijana ni kuikata springi kwa grenda. Springi iliyokatwa hushuka kweli, lakini inakuwa ngumu zaidi kuliko awali, na ncha yake haikai tena sawa kwenye kikombe chake. Tafuta springi za gari jepesi zenye kipenyo kinachoingia, ujaribu jozi kwa jozi, mpaka gari likae mahali pake likiwa na mzigo.

Nasema likiwa na mzigo. Usipime kitu chochote cha nyuma gari likiwa tupu juu ya matofali. Weka injini na giaboksi mahali pake hata kama hazijafungwa kabisa. Kwenye kila kiti weka mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 na ndoo ya maji ya lita 20. Jumla ni kilo 70, mtu wa wastani. Mahali pa tangi weka uzito wa nusu tangi. Magurudumu yakanyage chini, litikise gari mara kadhaa ili bushi zitulie, ndipo uchukue vipimo. Hapo shafti ikitazamwa kutoka nyuma iwe imelala karibu sawa kabisa. Hiyo ndiyo hali itakayoishi nayo.

Ukishapata hali hiyo, andika ukutani urefu kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fremu. Sasa ondoa springi, uache shokapu, na uliinue gurudumu kwa jeki pole pole kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Zungusha habu kwa mkono kila unapopanda sentimita moja au mbili. Usiharakishe. Mkono utakuambia mahali shafti inapoanza kukaza. Angalia buti la mpira kama mikunjo yake inagusana au kama limevutika hadi kukosa mikunjo. Angalia kama shafti inakaribia bomba la fremu. Ikikaribia kwa upana wa kidole ukiwa nyumbani, barabarani itagusa. Na pima jointi ya ndani: isukume shafti mpaka mwisho wa kikombe, bandika utepe mahali buti linapoishia, ivute mpaka inapotaka kutoka, bandika utepe wa pili. Gari likiwa kwenye hali yake ya mzigo, mwisho wa buti unapaswa kuwa karibu na katikati ya tepe hizo mbili. Juu kabisa isigonge mwisho wa kikombe, maana ikigonga, pigo lote la shimo litaingia kwenye beringi za difu. Chini kabisa isikaribie kutoka. Ikikaribia kutoka, shokapu yako ni ndefu mno. Yenyewe ndiyo inayopaswa kulizuia gurudumu kabla shafti haijafikia mwisho.

Kuhusu propela sitakaa sana, ingawa inazunguka kama mara 4 kila gurudumu linapozunguka mara moja, na kosa lake husikika haraka. Kwa kuwa difu yako haipandi wala kushuka, kazi ni nyepesi kuliko ya ekseli nzima. Mhimili wa kutokea giaboksi na mhimili wa pua ya difu ulale sambamba, ukitazama kwa ubavu na ukitazama kutoka juu. Propela iwe na pembe ndogo kati yao, nyuzi 1 hadi 3, ili sindano za krosi zizunguke zisije zikachimba mahali pamoja. Uma zake zikae bapa moja. Mazda kwenye MX-5 ya 1989 waliunganisha giaboksi na difu kwa fremu ndefu ya alumini ili viwili hivyo visipishane hata nguvu ikija. Wewe hutakuwa na fremu hiyo, kwa hiyo kishikizo cha mbele cha difu kiwe imara, maana ukikanyaga mafuta pua hutaka kuinuka. Ukiikata propela, ipeleke ikabalansiwe. Propela, tofauti na shafti za magurudumu, ni bomba, na mafundi wazuri huikata na kuichomelea kila siku.

Kuna onyo dogo la mwisho ambalo hakuna anayelisema mpaka beringi imekufa. Kwenye habu nyingi za aina hii, beringi ya gurudumu hubanwa na jointi ya nje ya shafti pamoja na nati yake kubwa. Ukizitoa shafti ukaliburuza gari kwa magurudumu yake kutoka uani hadi barazani, beringi inatembea ikiwa imelegea na inaharibika kwa mwendo huo mfupi. Kama unalazimika kulisogeza, funga jointi za nje peke yake zikabane habu, au lisogeze juu ya toroli.

Wiki hii, basi, usifunge chochote moja kwa moja. Vishikizo vya difu na vya krosimemba vishikize tu kwa madoa madogo ya moto ambayo grenda itayaondoa bila kuumiza bomba. Weka mifuko ya saruji, chora mstari, inua magurudumu kwa jeki, andika namba zako zote kwenye daftari, kushoto na kulia. Namba za pande mbili zikipishana kwa zaidi ya milimita 3, rudia kabla ya kutafuta sababu nyingine. Zikilingana, nipigie simu nije na kamba yangu tupime tena pamoja, kisha uchomelee mbele yangu.